Muulize Mwalimu: Kwaya yetu ya Tanga itaimbaje Holokosti?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha kwaya ya usharika hapa Tanga mjini. Tuna usharika rafiki Ujerumani, sasa wametuandikia kwamba Januari 27 wana ibada ya kukumbuka Holokosti, yale mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi wa Hitler, na wanaomba turekodi wimbo tuwatumie, wametuma na maneno ya bibi mmoja aliyetoka mzima kwenye kambi ya Wanazi, anaeleza alivyotenganishwa na mama yake. Nimekaa nikatunga, maneno yake yote nimeyaweka kwenye beti, sauti nne, kiitikio kitamu tu, lakini nikiimbisha naona kitu hakikai, watu wanaanza stepu. Halafu wazee wa kwaya wamegoma, wanasema Wayahudi hatuwajui, Mjerumani alimnyonga Abushiri hapo Pangani mbona hajatuimbia, na wengine wanaogopa majirani watasema tumechagua upande kwenye vita vya Israeli na Gaza. Nifanyeje?
Mwalimu wa kwaya, Chumbageni

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na wimbo, wazee wako tutawafikia.

Melodi yako sijaisikia ila shida naiona. Umemchukua shahidi ukamtia kwenye kiitikio. Kiitikio kazi yake ni kurudi, kinarudi mpaka mtoto wa sande skuli anakishika, sasa mtu anaeleza alivyopokonywa mama yake kwenye foleni, jambo la dakika moja ambalo halikurudi tena, wewe unalirudisha mara tano na soprano wanapandisha, hapo miguu lazima icheze tu na wala haina kosa.

Waliofanya kazi hii kabla yako, wengi walimwacha shahidi aongee kwa maneno makavu, kwaya ikangoja zamu yake. Arnold Schoenberg, Myahudi wa Vienna aliyeondoka Ujerumani mwaka 1933 akaishia Marekani, mwaka 1947 alitunga A Survivor from Warsaw, dakika kama saba hivi. Mtu mmoja anasimulia huku okestra inapiga, wafungwa wanaamshwa gizani, wanapigwa, sajini anafoka kwa Kijerumani wahesabiwe ajue wangapi wanakwenda kuuawa kwenye vyumba vya gesi, na muda wote huo kwaya ya wanaume iko kimya, haijatoa hata nota moja. Hesabu inakimbia, inakimbia, halafu ghafla wanaingia wote, sauti moja sio nne, kwa Kiebrania, Shema Israeli, ile Sikia Ee Israeli ya Kumbukumbu la Torati 6, na kazi inaishia humohumo. Isikilize kwa hedifoni usiku. Msimulizi wake ni wa kutungwa kutokana na habari alizozisikia Schoenberg, kwahiyo alikuwa na nafasi ya kupanga, wewe una bibi wa kweli mwenye maneno yake, usimwongezee hata neno moja la kukamilisha vina.

Na kwa wale wanaosema sisi ni nani mpaka tuimbe haya, kazi hiyo ilipoimbwa mara ya kwanza, Novemba 4, 1948, haikuwa Vienna wala New York, ilikuwa Albuquerque, mji wa Marekani usio na jina kubwa kwa muziki, na kwenye kwaya walikuwemo wakulima na wafugaji wa mji mdogo unaitwa Estancia. Walipomaliza ukumbi ukawa kimya, kondakta Kurt Frederick akairudia yote toka mwanzo ndipo makofi yakaja.

Mfano unaokufaa zaidi lakini ni Holocaust Cantata ya Donald McCullough, ya mwaka 1998, maana haihitaji okestra, ni kwaya, piano na selo basi. Inakwenda kwa kupokezana, mtu anasoma maneno ya waliokuwa kambini, kwaya inaimba, anasoma mwingine, kwaya inaimba. Na hizo nyimbo zilitoka kambini kwenyewe. Alikuwepo Mpoland, Aleksander Kulisiewicz, alifungwa Sachsenhausen, kambi ya Wanazi Ujerumani, miaka kama mitano akazihifadhi kichwani nyimbo za wenzake, baada ya ukombozi akiwa hospitali akawa anamtajia muuguzi anaandika, mamia ya kurasa.

Sasa wazee wako. Wasomee hii. Kule Terezín, karibu na Prague, Wanazi walikuwa na geto, mji wa kuwafungia Wayahudi, na humo alikuwemo mwalimu wa kwaya kama wewe, Rafael Schächter. Alikuwa na kitabu kimoja tu cha nota za Requiem ya Verdi, mtunzi wa Italia. Kimoja, watu kama 150! Basi jioni baada ya kazi za kulazimishwa wanashuka chini kwenye handaki la jengo, baridi, njaa, anawaimbia mstari wanarudia, besi kwanza, tena, mpaka inakaa kichwani, tena ni Kilatini, misa ya wafu ya Wakatoliki, wao Wayahudi. Yeyote aliyewahi kufundisha kwaya isiyojua kusoma solfa anaijua hiyo kazi. Wakishakomaa treni inakuja inachukua nusu ya kwaya kupeleka Auschwitz, kambi ya kuulia watu, anaanza upya na waliobaki. Waliiimba mara 16. Ya mwisho Juni 1944, geto limepakwa rangi ili wageni wa Msalaba Mwekundu waone mambo ni mazuri, na Schächter mwenyewe Oktoba hiyo wakampandisha treni, hakurudi. Siku hizi kondakta Murry Sidlin anaipiga Requiem hiyohiyo akiingiza katikati filamu za manusura wa kwaya ile wakieleza wenyewe, alianza mwaka 2002. Kwahiyo mzee akisema hawajui Wayahudi, mwambie hawa anawajua, walikuwa wanakwaya.

La Abushiri nakubaliana nao kabisa, na sitaki ulizime. Alinyongwa Pangani Desemba 1889, sio mbali na hapo mnapofanyia mazoezi, na Majimaji ikafuata. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea Novemba 2023 akaomba msamaha, sawa, lakini msamaha wa rais haujafika kwenye kwaya za huko. Andikeni barua kwa usharika rafiki, nanyi waombeni waimbe na wasome ya kwetu siku mtakayochagua nyie. Wakikataa mtajua urafiki ni wa aina gani. Ila msiwafanye Wayahudi milioni 6 wangoje foleni nyuma ya deni ambalo sio lao.

Majirani ni rahisi kuliko unavyodhani. Waalikeni waje wasikilize mazoezi. Yule bibi alikuwa mtoto wakati ule na hakuna anayeombwa kuunga mkono serikali yoyote ya leo, anayelia watoto wa Gaza anaweza kumlilia na huyu, macho ni yaleyale.

Kwahiyo fanya hivi. Andikia Ujerumani uulize kama bibi au familia yake wameridhia maneno yasomwe, maana hujaniambia. Yagawe vipande vitatu, asome mama mmoja mtu mzima kwa Kiswahili, asiigize kulia, asome kama anavyosoma matangazo. Kati ya kipande na kipande kwaya iimbe Zaburi 130, Ee Bwana toka vilindini nimekulilia, bila kinanda, bila ngoma, mara ya kwanza besi peke yao. Kipande cha mama yake kikiisha, nyamazeni. Hesabu mpaka kumi kabla hujanyanyua mkono.

SWALI: Mwalimu naomba usitaje jina. Mwalimu wetu anataka siku ya kurekodi tuvae pajama za mistari kama wafungwa wa kambini, fundi ameshapima. Mimi naona aibu. Ni sawa?
Alto, Tanga

JIBU: Hii bila shaka imetoka kwaya ileile, na wewe mwalimu wa Chumbageni, hili mbona hukuniambia! Si sawa. Nguo ile ilivalishwa watu kwa nguvu wengine wakafa nayo mwilini, na mtakayeimba habari zake huenda anaangalia, sasa aone watu walioshiba wameivaa kwa ajili ya kamera? Vaeni sare yenu ya kwaya ya kila Jumapili. Fundi kama hajakata kitambaa mdai hela yenu, kama ameshakata ashone mashuka.