Je, nikope benki ili nimalize deni la Bodi ya Mikopo?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Dodoma. Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 900,000, na kila mwezi hukatwa shilingi 135,000 za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Deni lililobaki ni shilingi 7,200,000. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alisomea chuo kikuu Uingereza na sasa anafanya kazi Leeds kwa mshahara wa pauni 30,000 kwa mwaka. Anadaiwa pauni 45,000, lakini hanung'uniki. Afisa mmoja wa benki amenishauri nichukue mkopo kwao kwa riba ya asilimia 13 kwa mwaka ili niachane na Bodi mara moja. Kwa nini mwenye deni dogo ndiye anayeumia, na je, niufuate ushauri huo?

Jibu: Mwalimu, naanza na la benki kwa sababu ndilo lenye haraka: usikope. Hesabu zake nitazionyesha baada ya kueleza tofauti kati yako na mdogo wako, kwani maswali yako mawili yana mzizi mmoja. Ukubwa wa deni peke yake hauonyeshi uzito wake. Uzito unatokana na namna makato yanavyokokotolewa, na kama deni linakua wakati unalipa, na kama kuna siku ambayo litafutwa hata kama halijaisha.

Sheria ya Bodi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, makato ya mwajiriwa yalipanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Asilimia hiyo hupigwa kwenye mshahara mzima kuanzia shilingi ya kwanza, na hakuna kiwango cha kipato ambacho mtu akiwa chini yake huachwa apumue. Tena hukokotolewa kabla ya kutoa kodi na michango mingine. Kwa mshahara wako, mfuko wa pensheni unachukua asilimia 5, yaani 45,000. Kodi ya mshahara, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, ni 91,750. Na bima ya afya kwa asilimia 3 ni 27,000. Bila Bodi, na bila kuhesabu michango ya chama cha wafanyakazi, ungepokea 736,250. Makato ya 135,000 kwa hiyo ni zaidi ya asilimia 18 ya fedha ambazo zingefika mkononi mwako, na hapo ndipo maumivu yako yalipo.

Mdogo wako yuko katika mfumo wa waliojiunga na vyuo vya England kati ya 2012 na 2023. Huko mkopaji hulipa asilimia 9 ya kile tu kinachozidi kizingiti, na kwa mwaka wa kodi wa 2025/26 kizingiti hicho kilikuwa pauni 28,470. Mshahara wake unakizidi kwa pauni 1,530, kwa hiyo kwa mwaka mzima hukatwa takriban pauni 138, ambazo ni pauni 11 na senti kadhaa kwa mwezi. Akiachishwa kazi, makato husimama yenyewe bila yeye kuandika barua yoyote.

Lakini usimwonee wivu upesi. Deni lake lina riba inayofuata mfumuko wa bei, na kwa wenye vipato vikubwa huongezwa hadi asilimia 3 juu yake. Hata tukikadiria riba ya asilimia 3 tu, deni la pauni 45,000 huzaa pauni 1,350 kwa mwaka huku yeye akilipa 138. Deni linakua mbele ya macho yake, na asipopanda cheo sana hatalimaliza. Anachosubiri ni mwaka wa 30, ambapo salio lote hufutwa. Kwake yeye, neno deni limebaki kwenye makaratasi. Kinachomgusa ni kama kodi ndogo ya miaka 30. Waliojiunga kuanzia Agosti 2023 wamewekewa masharti magumu zaidi: kizingiti ni pauni 25,000 na salio hufutwa baada ya miaka 40, ingawa riba yao haizidi mfumuko wa bei. Na kama mdogo wako ana mpango wa kurudi nyumbani, ajue kwamba deni linamfuata, na kwamba kila nchi hupangiwa kizingiti chake kulingana na gharama za maisha, kwa hiyo kizingiti cha mkazi wa Tanzania si kile cha mkazi wa Leeds.

Australia, iliyoanzisha mfumo huu wa kulipa kwa kadiri ya kipato mwaka 1989, haitozi riba ya kawaida, bali deni huongezwa kila tarehe 1 Juni kufuata kupanda kwa bei. Mwaka 2023 ongezeko hilo lilifika asilimia 7.1, na kelele za wakopaji zikailazimisha serikali kubadili kanuni na kuirekebisha hesabu ya nyuma, kisha mwaka 2025 ikapunguza madeni yote kwa asilimia 20. Ujerumani ni wapole kuliko wote ninaowafahamu: nusu ya fedha za kujikimu ni ruzuku, nusu ni mkopo usio na riba, na anayekamilisha marejesho 77 ya euro 130, yaani euro 10,010, amemaliza hata kama alikopeshwa zaidi. Nchini Marekani, mwalimu wa shule ya umma mwenye mkopo wa serikali kuu anaweza kufutiwa salio baada ya marejesho 120 yanayostahili. Aliye nje ya utaratibu huo hukutana na riba, na hata akitangazwa na mahakama kuwa muflisi si rahisi kufutiwa mkopo wa masomo.

Kwa jirani zetu wa Kenya, riba ni asilimia 4 tu kwa mwaka, na mtu akiitazama riba pekee atasema mkopo ni nafuu. Tatizo liko kwenye adhabu. Asiyelipa hutozwa shilingi 5,000 za Kenya kwa kila mwezi. Chukua mkopo wa shilingi 100,000: riba yake ya mwaka mzima ni 4,000, na mwezi mmoja wa kutolipa tayari umeizidi. Adhabu ya kiwango kimoja kwa wote humwangukia zaidi asiye na kazi, ambaye ndiye hasa aliyeshindwa kulipa, na kwa maoni yangu huu ni upungufu mkubwa kuliko asilimia 15 ya kwetu.

Sasa benki. Mwaka 2021 serikali iliondoa tozo ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa asilimia 6 kwa mwaka, pamoja na adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa. Kabla ya hapo ushauri wa kulipa mapema ulikuwa na mantiki, kwa sababu kila mwaka deni lilijiongeza. Tangu wakati huo deni lako halikui. Ukigawa 7,200,000 kwa 135,000 unapata miezi 54 kwa hesabu ya kukamilisha, na ukipandishwa daraja itapungua. Ukikopa kiasi hichohicho benki kwa asilimia 13, riba ikihesabiwa kwenye salio linalopungua, na ukitaka kumaliza ndani ya miezi hiyo 54, utakatwa takriban 176,800 kwa mwezi, na riba peke yake itafika kama shilingi 2,350,000. Ukisema ubaki na makato ya 135,000, utalipa kwa miezi 80, na jumla itafika 10,800,000. Hapo sijahesabu bima ya mkopo wala ada ya kuuandaa. Hakuna mahali popote katika hesabu hiyo unapopata nafuu. Anayepata ni benki.

Hata ukipata fedha za ziada zisizo za mkopo, malimbikizo ya mshahara kwa mfano, sioni sababu ya kuzipeleka kwenye deni lisilo na tozo. Lipa kwanza mikopo yenye riba, kisha weka akiba inayozaa. Kulipa mapema kuna faida moja tu ya kweli, nayo ni kuurudisha mshahara wako kamili mapema, jambo ambalo lina thamani kama unakaribia kustaafu au unatarajia kuacha ajira.

Unachopaswa kufanya mwezi huu ni kuomba taarifa ya deni kutoka Bodi na kuilinganisha, mwezi kwa mwezi, na hati zako za mshahara. Makato yaliyotolewa lakini hayaonekani kwenye taarifa yafuatiliwe kwa mwajiri kwa maandishi. Ukibakiwa na marejesho mawili au matatu, omba salio tena, ili makato yasimamishwe kwa wakati. Kukatwa zaidi ya deni hutokea, na kurudishiwa huchukua muda.