Kuishi chomboni na mkeo: usiku nanga ikiburura, nani ataamka?

Assalamu alaikum ndugu yangu. Umesema wewe na mkeo mnataka kuacha chumba cha kupanga hapo Malindi mkaishi kwenye jahazi kuukuu mliloonyeshwa huku Lamu kwa bei nafuu, na umeuliza habari za maji, choo na usingizi. Mimi na mume wangu huu ni mwaka wa sita tunaishi kwenye mashua ya futi 36, kazi ya mafundi wa kijiji cha Matondoni, nayo ilikuwa imeshazeeka tulipoinunua. Nakujibu kwa niliyoyaishi.

Yawezekana. Maji ya kunywa hayasumbui sana: dumu la lita 20 linatutosha siku moja kwa kupika, kunywa na kujisuuzia, nasi huyaleta kwa kihori, mtumbwi wetu mdogo. Kuoga ni maji ya bahari kwanza, kisha kata tatu za maji matamu. Choo ni kibanda cha mbao tezini, yaani nyuma ya chombo, lakini tukiwa karibu na mji tunatumia ndoo yenye unga wa mbao na kwenda kuimwaga mahali pake. Jiko la makaa hukaa ndani ya sanduku la mchanga, halihamishwi hata kama bahari imelala.

Maji yatakayokula siku zako ni yale ya ngama, yaani yanayojikusanya chini kabisa ndani ya chombo. Chombo cha mbao hakikosi kuingiza maji, na kazi ya kwanza kila asubuhi, kabla ya chai, ni kuyafua, yaani kuyateka na kuyamwaga nje. Sisi huhesabu ndoo. Zikiwa nne, mashua ni nzima. Zikifika saba siku mbili mfululizo, ujue kuna mshono wa mbao umeachia kalafati, ile pamba ya kuzibia. Na sitaha nayo, usiiache ikauke: wakati wa upepo wa Kaskazi jua huzipasua mbao, kwa hiyo tunaimwagia maji ya bahari asubuhi na jioni zibaki zimevimba na kushikana. Mara moja tulikwenda harusini siku tano bila kumwachia mtu kazi hiyo, na mvua ya kwanza baada ya hapo ilitunyeshea kitandani.

Kila baada ya miezi michache tunaipweleza, yaani tunaiacha ikae juu ya mchanga maji yakipwa. Hilo hufanywa kwa bamvua, siku za maji makuu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Huku kwetu siku hizo maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na kupwa mnamo saa 4 asubuhi, kwa hiyo tunaisogeza ufukweni gizani, tunaiegemeza kwa magadi, yaani miti ya kuitegemeza, na maji yakishatoka tuna saa chache tu. Mume wangu hukwangua chaza, mimi napachika pamba iliyolowa mafuta kwenye mishono, kisha tunapaka deheni ya chokaa na shahamu, yaani mafuta ya mnyama, ili wadudu wanaotoboa mbao wasiingie. Mikono hunuka shahamu siku mbili. Naipenda siku hiyo kuliko zote, kwa sababu ndipo ninapoiona nyumba yangu yote, mpaka mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba chombo.

Sasa nije kwenye lile ambalo hukuliuliza. Katika maelezo yako yote, kazi za chombo umejipa wewe peke yako, na mkeo umemtaja kwenye jiko tu. Sisi nasi tulianza hivyo hivyo. Mwaka wa pili, mwezi wa Juni, mume wangu alikwenda Mokowe kutafuta mbao, na upepo wa Kusi ukawa mkali hata asiweze kurudi. Saa 8 za usiku nilisikia mashua inatetemeka kwa namna nisiyoijua. Nanga ilikuwa inaburura. Sikujua nanga ya pili ilipo. Ilikuwa chini ya magunia ya mchele niliyoyapanga mwenyewe. Tukagonga mashua ya jirani, ubao mmoja wa omo, yaani wa mbele, ukapasuka, na wavuvi walioamka kwa kelele zangu ndio waliotuokoa. Kosa lilikuwa letu wawili: yeye hakunifundisha, nami sikuuliza.

Tangu siku hiyo kila mmoja wetu anajua kila kazi. Shika amari, yaani kamba ya nanga, kwa kiganja: nanga ikiwa imeuma, kamba hukaza na kulegea taratibu, ikiburura, unahisi mtikisiko kama wa gogo linalokokotwa juu ya mawe. Jioni tunachagua taa mbili za ufukweni zilizo kwenye mstari mmoja, na anayeamka usiku huangalia kama bado zimepangana. Penye kina cha pima tatu (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) maji yakijaa, achia amari pima kumi na tano, usiionee uchoyo. Nanga ya pili ikae wazi, kamba yake ikiwa imeshafungwa. Na tunaamka kwa zamu, si kwa nani mume na nani mke.

Mkija kuliangalia hilo jahazi, njooni siku za bamvua, maji yakiwa yamepwa. Chukueni kisu. Chomeni mkuku, kisha mataruma, yaani mbavu za chombo, ya chini kabisa yanayolala ndani ya ngama, hasa upande wa tezi. Kisu kikizama bila nguvu, msilinunue hata kwa bei ya bure. Mkeo naye ashuke matopeni, achome kwa mkono wake.