Mbunifu anayetaka baraza isiyo na nguzo

Ndugu, nimekuelewa: mbunifu majengo wako anang'ang'ania baraza ya ghorofani ining'inie bila nguzo, nawe unahofia usalama na gharama. Hamu yake ya kuacha alama si kosa, kwani ndiyo iliyomwongoza mbunifu Mmarekani Frank Lloyd Wright kubuni nyumba ya Fallingwater juu ya maporomoko ya maji huko Pennsylvania, Marekani. Lakini baraza za zege zinazoning'inia za nyumba hiyo zilianza kuinama mapema, na mwaka 2002 zikalazimika kuimarishwa kwa nyaya za chuma. Nilipojenga, nilimketisha mbunifu wangu pamoja na mhandisi wa miundo, baraza ikafupishwa, na uzuri wake ukabaki. Usimwage zege kabla mhandisi aliyesajiliwa hajatia saini mahesabu.