Chura, Mipira na Macho Yangu

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni "Gemu gani ya kompyuta uliyoiacha zamani ungeipa nafasi ya pili, na kwa nini?" Nimelisoma mara mbili, kwanza nikacheka halafu nikapandwa na hasira kidogo, kwa sababu mmeuliza kana kwamba gemu ndiyo ilikosea na sasa imekuja kupiga magoti. Kuna watu hawakuacha gemu, gemu ndiyo iliwaacha. Kwa hiyo nitajibu swali langu mwenyewe, kwamba gemu gani iko tayari kumpa mchezaji nafasi ya pili, na lenu nitaligusa nikifika, msinikate njiani.

Mimi nyekundu na kijani sizitofautishi vizuri. Si kwamba naona dunia nyeusi na nyeupe, watu hupenda kuuliza hivyo halafu wanaokota kalamu mezani, "hii je? na hii je?", tafadhali muache. Naona rangi, buluu na njano ziko sawa kabisa, ila nyekundu na kijani kwangu zote zinaangukia upande mmoja wa kahawia, na zikipita haraka ndiyo basi tena. Sasa fikiria mtu wa hivyo umpe gemu ambayo kazi yake yote ni kupanga rangi.

Ninayoisema ni Zuma. Si yule wa Afrika Kusini, hii ni ya chura. Waliokaa kwenye kompyuta za kafe au za ofisi miaka ile ya Windows XP wanaijua: chura wa jiwe yuko katikati, unamzungusha kwa mausi, anatema mipira ya rangi, na mnyororo wa mipira unatambaa kwenye njia kuelekea fuvu. Ukigusanisha mitatu ya rangi moja inapasuka. Ukichelewa, fuvu linafungua mdomo linameza yote. Ilitolewa na kampuni ya PopCap ya kule Seattle mwaka 2003, ingawa wazo lenyewe linafanana mno na gemu ya Puzz Loop ya Wajapani ya 1998, na Wajapani wenyewe hawakufurahi. Kwetu ilikuja kwa flashi diski, kama kila kitu.

Miaka hiyo nilikuwa karani kwenye ofisi moja ya kliaringi, ya kutolea watu mizigo forodhani, pale Malaba, upande wa Uganda. Hii ni kabla ya 2014, kabla ya ule mpango wa Afrika Mashariki wa Eneo Moja la Forodha, wakati makaratasi yalikuwa yanafanyiwa pale pale mpakani na malori yamejipanga kurudi ndani Kenya hadi huoni mwisho. Mtandao ukikatika hakuna entri, yaani tamko la mzigo la forodha, inayopita, na bila entri hakuna lori linalopita, kwa hiyo ofisi nzima inageuka kijiwe. Madereva wanaingia kuulizia karatasi zao, wanakuta watu wanne wamezunguka kompyuta ya kona wanapiga kelele, na wao wanavuta kiti.

Siku ninayoitaka ilikuwa Ijumaa. Bosi kaenda Tororo, mtandao umelala tangu asubuhi, mvua inanyesha, na yule dada wa risiti katangaza mashindano: kila mtu anacheza mpaka afe, atakayeishia chini kabisa ananunulia wote soda na rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai, si saa). Mimi nilikuwa nimekwepa Zuma muda mrefu kwa visingizio, mara nina kazi, mara kichwa kinauma, ila siku ile hakukuwa na kazi ya kusingizia na kichwa kilikuwa kizima. Nikakaa.

Nikatema mpira wa kwanza. Ukaingia mahali si pake. Wa pili, hivyo hivyo. Watu wakadhani natania. Wa tatu ulikuwa buluu ukapasua vizuri, nikapigiwa makofi, halafu chura akaleta mpira mwingine, mimi nikauona ni ule ule wa kahawia yangu, nikaurusha kwa wenzake wa kahawia, kumbe ni mwekundu nimeubandika kwenye kijani, na ukishabandika vibaya mnyororo unarefuka. Dada wa risiti akasema "wewe leo umekunywa?" Mwenzangu wa meza ya pili, huyu alikuwa ananiwinda nafasi yangu siku nyingi, akasema bila kucheka kwamba sasa anaelewa kwa nini faili za mzigo fulani ziliwahi kuchanganywa. Uongo mtupu, faili zile hazikuwa hata kwangu. Lakini pale mpakani rangi ni kazi, mnajua wenyewe: sistimu ya forodha inaiangusha entri kwenye kijani ipite, njano wasome makaratasi, nyekundu lori lifunguliwe, au buluu waje kukagua baadaye. Maneno yenyewe yameandikwa pale, nilikuwa nasoma neno siangalii rangi, sikuwahi kupoteza lori hata moja kwa ajili hiyo. Ila nani atakusikiliza ukiwa umekalia kiti cha Zuma na fuvu limeshameza mipira yako yote?

Kulikuwa na mzee dereva, Mswahili wa Mombasa, kofia kichwani, anasubiri karatasi za transiti za mzigo wa Kigali. Alikuwa kimya muda wote na kikombe chake cha chai. Nilipobakiwa na maisha ya mwisho akasogeza kiti akakaa bega kwa bega na mimi, akasema pole pole, "Mwanangu, wewe cheza, mimi nitakwambia." Akaanza. "Nyekundu. Iweke kushoto juu, pale ziko mbili. Sasa kijani, kijani, badilisha kwanza." Maana chura ana mpira wa pili akiba, ukibonyeza kitufe cha kulia cha mausi unaubadilisha. Alikuwa ananiongoza kama taniboi, msaidizi wa dereva, anavyoongoza trela kurudi rivasi kwenye geti jembamba, haharakishi, hapandishi sauti, "njoo, njoo, hapo, piga." Na mimi nikawa napiga. Mkono wangu kumbe haukuwa na shida kabisa, kulenga nilikuwa nalenga kuliko wote mle ndani, hilo nalisema bila aibu. Ule mstari wa alama wa juu ukajaa, gemu ikapiga ile kelele yake ya "Zuma!", mipira mipya ikaacha kuja, tukamaliza levo. Tukaingia nyingine.

Hapo ndipo kesi ikaanza. Mwenzangu wa meza ya pili akasema haihesabiki, hao ni watu wawili dhidi ya mmoja. Dada wa risiti akasema mashindano ni ya vidole na vidole ni vyangu. Taniboi mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni akadai kwenye matatu (karata, si gari, jamani) mtu akikuchungulia na kukwambia utupe nini, mchezo unarudiwa. Mwingine akamjibu hapa hakuna aliyechungulia, mipira iko wazi kwa wote. Ubishi ukakolea mpaka watu wa ofisi ya jirani wakaja, na katikati ya ubishi mtu akapiga kelele "imerudi!", yaani sistimu, na kila mmoja akarukia kompyuta yake, na mimi nikainuka nikamwacha chura na mnyororo wake unatembea kwenda kwenye fuvu. Rolex hakununua mtu. Mpaka leo haijaamuliwa, na kwa maoni yangu nilishinda.

Mzee akanisubiri nimalize kumpigia entri yake. Akaniambia mtoto wa dada yake yuko hivyo hivyo, hospitali walimfungulia kitabu cha vidoti vya rangi vyenye namba ndani, yeye akaona vidoti tu. Nilikuja kujua baadaye kinaitwa kipimo cha Ishihara, cha daktari wa Kijapani, kipo tangu 1917. Akaniambia nimuulize mama kuhusu babake. Jioni nikampigia mama, upande wetu ni wa milimani huko Mbale, watu wa kahawa, na mama akaanza kucheka kwenye simu kabla sijamaliza. Kumbe babu, babake mama, alikuwa hatumwi kuchuma kahawa hata siku moja. Akitumwa analeta nyekundu zilizoiva na kijani pamoja, bibi anakaa usiku kuchambua. Wakamwachia kazi ya kukoboa na kuanika, na watu wakasema ni mvivu. Hii kitu inapita kwa mama, iko kwenye kromosomu ya X: babu anampa binti yake, binti anaona vizuri tu kwa sababu ana X nyingine, halafu mtoto wake wa kiume anaweza kuipata, na mwanaume X yake ni moja. Ndiyo maana wanawake wenye hali hii ni wachache sana. Kwa Wazungu wanasema karibu mwanaume 1 kati ya 12, kwetu Afrika ni wachache zaidi, lakini wapo, na wengi wanaitwa wavivu au walevi.

Nimekaa sana hapo, najua. Basi.

Baada ya siku ile sikugusa gemu ya rangi miaka mingi. Karata niliendelea nazo bila shida, kwa sababu kwenye matatu hata kama kopa kwangu halina wekundu wa maana bado ni kopa, lina umbo lake, na shupaza lina lake. Na hapa ndipo nafika kwenye swali lenu. Majuzi binti yangu kaniletea laptop ina Bejeweled, gemu ya kupanga vito vya rangi, ile ya 2001, ya hao hao PopCap, ambayo nayo ina babu yake, Shariki ya Mrusi Eugene Alemzhin ya 1994 iliyokuwa inachezwa kwenye DOS. Nikamwambia ondoa. Akasema baba, angalia kwanza. Nikaangalia. Kila kito kina umbo lake! Chekundu ni mraba, cheupe ni duara, cha zambarau ni pembetatu. Rangi saba na maumbo saba. Mtu mmoja huko alikaa akafikiria kwamba labda kuna mchezaji wa macho kama yangu, au labda alitaka tu vipendeze, mimi nampa sifa vyovyote iwavyo. Nikacheza mpaka chakula kikapoa.

Candy Crush pia, ile ya 2012, peremende zina maumbo, kwa macho haina neno. Ila ile siipi nafasi ya kwanza wala ya pili. Maisha matano, ukiyamaliza unasubiri nusu saa urudishiwe moja, au uombe marafiki, au utoe hela. Na kuomba marafiki ni bando, na bando hapa Uganda tangu Julai 2021 ina kodi ya asilimia 12 juu, sisi tuliotoka kwenye ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kuingia WhatsApp tunajua maumivu. Gemu ya kukaa foleni sitaki, foleni nimeshakaa Malaba.

Kwa hiyo jibu lilikuwa liwe Bejeweled na barua iishe. Lakini nikiandika hapa naona nawadanganya. Bejeweled ni nzuri, ina adabu, na baada ya wiki kadhaa imenichosha. Hakuna kinachokukimbiza. Unakaa unaangalia vito, unabadilisha, vinashuka, unaangalia tena. Binti yangu anacheza huku anaongea na simu. Zuma huwezi kucheza unaongea na simu. Zuma ina ile hofu, mnyororo umekaribia fuvu, una mpira mmoja wa kupenyeza kwenye mwanya mdogo, na ukipenya unapasua kundi la nyuma, mnyororo unarudi, mwili mzima unasisimka. Niliipata ile siku moja tu, na sehemu kubwa niliipata kupitia macho ya mzee wa watu, na hakuna gemu nyingine iliyonifanyia vile. Gemu iliyonihurumia hainivutii, na iliyonidhalilisha ndiyo gemu kweli. Nasema hivi kwa uchungu.

Basi andikeni Zuma. Naipa nafasi ya pili, na hapo hapo naweka masharti: si ofisini, si mbele ya mtu anayeitaka kazi yako, na si kwa mtoto ambaye hajapimwa macho halafu mkaanza kumcheka. Na mimi mwenyewe sina uhakika nitaicheza, maana mipira inajizungusha huku inatembea, hata kama ina michoro juu yake jicho langu haliwahi kuishika, na binti yangu kanitajia rangi jioni moja akachoka, anasema nampigia kelele.

Kama kuna msomaji anayejua namna ya kuibadilisha ile Zuma ya zamani mipira iwe na alama kubwa, herufi, msalaba, chochote, aliandikie jarida mnifikishie. Soda na rolex ni juu yangu, mayai mawili. Isiwe tu ni kitu cha kuhitaji bando.

Karani mstaafu, Tororo