Sataranji haina lazima ya kula

Nimekulia kwenye drafti. Mtaani kwetu Kirumba, jijini Mwanza, ukishuka kuelekea soko la samaki la Mwaloni, ubao ni kipande cha mbao kilichochorwa kwa mkono na kete ni visoda: vyako vimelala kifudifudi, vya mwenzako chali. Kila mtoto anajua kwamba kete ikiletwa mdomoni lazima uile, hata kama unaona wazi unalishwa ili upigwe tatu mfululizo.

Nilipohamia sataranji (vijana wengi huku wanaiita chesi) nilikwenda na tabia hiyo hiyo. Hakuna sheria iliyonilazimisha kula, lakini nilikula. Nilihesabu askari, zile kete ndogo za mstari wa mbele, kama muuza dagaa anavyohesabu sado zake. Jioni moja nilicheza na kijana wa sekondari, tukabaki ngome kwa ngome (kete inayokwenda moja kwa moja, wima au kulala), mimi nikiwa na askari wawili zaidi. Akanifunga. Mzee mmoja aliyekuwa akitutazama alisubiri kijana aondoke, ndipo akaniambia: "Mwanangu, askari umewahesabu vizuri. Mfalme wake je, ulimhesabu?"

Nikamjibu, "Hapana, mzee." Akapanga kete upya na kunionyesha mchezo wa Capablanca na Tartakower, New York, 1924.

José Raúl Capablanca, Mkuba, ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo; alilishika taji tangu 1921 hadi 1927. Alicheza na kete nyeupe, Tartakower nyeusi. Malkia wote wawili walikuwa wametoka ubaoni kufikia hatua ya 26, na hapo wengi wetu huanza kupiga miayo. Usipige. Tazama askari wake wa pembeni kulia (herufi ni safu ya wima, a hadi h kutoka kushoto kwa mweupe; namba ni mstari wa kulala, 1 hadi 8 kuanzia upande wake). Hatua ya 23 alikwenda h4, ya 27 akafika h5, ya 28 akamla askari wa g6, naye akaliwa papo hapo. Askari kwa askari, utasema hakuna kilichobadilika. Lakini safu ya h ilibaki tupu, na hatua ya 29 ngome ikaingia humo. Hatua ya 30 ilikuwa imeshakaa h7, ikimfungia mfalme mweusi kwenye mstari wake wa nyuma. Huo ndio mpango: hatua kadhaa za taratibu kwa ajili ya mlango mmoja.

Kisha ikaja hatua ya 35. Ngome ya Tartakower ilikuwa inamwinda askari wa c3. Mimi ningerudi kumlinda, bila kufikiri mara mbili. Capablanca alimsogeza mfalme wake g3 na kumwacha askari aliwe, tena kwa kutishiwa mfalme. Mfalme akaenda h4. Akasukuma askari wa g hadi g6, akaachia na yule wa f4 aliwe, kwa kutishiwa mfalme mara ya pili. Mfalme akafika g5, na hatua ya 39 akatua f6.

Hesabu sasa: mweusi ana askari watano, mweupe watatu. Lakini mfalme mweupe, ngome ya h7 na askari wa g6 wamemzunguka mfalme mweusi, na ngome ikishuka h8 mchezo umekwisha. Ngome ya mweusi iko mbali na haina la kufanya. Ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba alipokuwa g5 angeweza kumla askari wa f5, akampita. Akamwacha asimame nyuma ya mfalme wake kama ukuta, ngome ya adui isipate njia ya kumsumbua kutoka nyuma. Alimla hatua tatu baadaye, kazi yake ya ukinga ilipokwisha. Tartakower alisalimu amri baada ya hatua ya 52.

Wewe unayetoka kwenye drafti kama mimi, sanaa ya kumlisha mwenzako unayo tayari, na ni mtaji mkubwa. Kinachokukwaza ni mkono wako mwenyewe unaokimbilia kula. Kabla hujagusa kete, jiulize ngome yako itakuwa wapi baada ya kula, na ya mwenzako itakuwa wapi. Malkia wakishatoka, mtoe mfalme wako nje. Akikaa pembeni hadi mwisho unacheza pungufu ya kete moja. Kulinda askari kwa ngome ni kazi ya mwisho kabisa. Ngome iliyokaa kumlinda askari mmoja haishambulii.

Na usisome tu. Panga ubao hivi. Mweupe: mfalme f3, ngome h7, askari a4, c3, d4, f4 na g5. Mweusi: mfalme f8, ngome c6, askari a7, b6, c7, d5 na f5. Zamu ni ya mweupe. Cheza na rafiki, mmoja ashike nyeupe mara tano, halafu mbadilishane. Mimi mara ya kwanza nilimlinda askari wa c3.