Muulize Fundi: chaja inachanganya ESP32, na taa ya bluu imegoma kuwaka

SWALI: Salaam fundi. Niko huku Busia upande wa Uganda, nafuga kuku. Nimetengeneza kidude cha kupima joto kwenye banda la vifaranga, kina ESP32 (kile kikompyuta kidogo chenye WiFi) na betri moja ya lithiamu ya 18650 niliyotoa kwa laptop ya zamani, inachajiwa na kile kibodi (kisahani kidogo cha saketi) cha chipu ya chaja TP4056 chenye taa nyekundu na bluu. Nataka kijue umeme ukikatika usiku, kwa hiyo nikavuta waya kutoka pini zake za kuonyesha hali, CHRG (inachaji) na STDBY (imejaa), hadi pini za ESP32, GPIO 34 na 35, nikaandika INPUT_PULLUP, ile amri ya kuwasha rizista ya ndani inayovuta pini juu. Umeme ukiwepo afadhali, ukikata tu majibu yanarukaruka, hata nikigusa waya kwa kidole yanabadilika. Halafu taa ya bluu haiwaki hata kichajiwe usiku kucha. Betri ni mbovu ama?

JIBU: Betri iache kwanza mfugaji wangu, haina kosa. Zile pini mbili hazitoi volti yoyote, kazi yao ni kushika graundi (volti sifuri) au kuachia, basi. Ikichaji CHRG inashika, ikijaa CHRG inaachia na STDBY ndo inashika, umeme usipokuwepo zote zinaachia. Sasa pini ikiachia lazima kuwe na kitu cha kuvuta waya juu kwenye volti, na umeme ukiwepo zile taa za kibodi ndo zinauvuta kidogo, ukikata hakuna anayeuvuta, waya unaelea na unasoma kidole chako. Ulitegemea ESP32 ivute, lakini GPIO 34 mpaka 39 hazina rizista hiyo ya kuvuta ndani, na programu haigombi hata kidogo ukiiandika, inapita kimya kimya tu (hii imewachosha wengi bana).

Hamisha waya kwenye GPIO 25 na 26, hizo zinavuta vizuri. Ila usiunge moja kwa moja, maana taa za kibodi zimeunganishwa na volti 5 na pini ikiachia inaweza kupita zile volti 3.3 za ESP32. Weka diodi ya Schottky kama 1N5819 kwa kila waya, upande wenye mstari uangalie chipu ya chaja. Hapo chipu inaweza kuvuta chini lakini volti 5 hazirudi kwako. Diodi ya kawaida inakula volti nyingi kidogo, sifuri yako itakuwa ya mashaka.

Kwenye programu sasa: CHRG ikisoma sifuri inachaji, STDBY ikisoma sifuri imejaa, zote zikisoma moja umeme haupo. Usiamini usomaji mmoja, soma kwa sekunde 5 hivi, kwa sababu betri ikichomoka chipu inawasha STDBY na CHRG inapepesa, utadhani imejaa kumbe hakuna betri.

Taa ya bluu ni kesi nyingine. Kibodi chako kama bado kina rizista ya 1.2k kinachaji kwa ampia 1, na chipu inasema imejaa mkondo ukishuka hadi moja ya kumi, yaani miliampi 100. ESP32 yenye WiFi iliyowashwa inakunywa karibu hizo hizo na ikituma inapita 200, na chipu haijui nani anakunywa, betri au wewe, kwa hiyo inaendelea kuchaji tu. Ilaze ESP32 iamke kila dakika 5 ipime itume ilale tena, vifaranga hawatapoa ndani ya muda huo. Ukitaka iwe macho muda wote basi itabidi inywe kutoka kwenye volti 5 umeme ukiwepo na betri iingie ukikata, hiyo inahitaji MOSFET moja (swichi ya kielektroniki) na diodi.

GPIO 34 usiitupe. Pini za hali hazikuambii betri imebaki kiasi gani, kwa hiyo gawa volti za betri kwa rizista mbili za 100k, 4.2 inakuwa 2.1, ipeleke hapo 34, inasomeka hata WiFi ikiwa imewashwa.