Amepasuliwa bawasiri: dawa za maumivu, udhu na swala

SWALI: Assalamu alaykum shehe. Nimefanyiwa upasuaji wa bawasiri na hii ni wiki ya kwanza. Maumivu ni makali, hasa nikienda chooni, hata nimepunguza kula ili nisipate haja kubwa. Kidonda kinatoa damu na majimaji, nabadilisha pedi kila mara. Nimepewa dawa za kutuliza maumivu lakini nasita kuzimeza, maana ndugu mmoja kaniambia mwenye subira ya kweli huvumilia, kwani maumivu hufuta madhambi. Kukaa siwezi, hata kwenye kiti. Je, nikimeza dawa nitapoteza ujira? Udhu wangu ukoje, na niswali vipi? Siku ya upasuaji pia Alasiri na Magharibi zilinipita.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah akuponye, ndugu yangu, ponyo lisiloacha ugonjwa nyuma yake.

Naanza na dawa, kwa sababu mengine yote yanasimama juu ya hilo. Huyo ndugu yako amesema neno la kweli akaliweka pasipo mahali pake. Ni kweli Mtume (s.a.w.) amesema kuwa Muislamu hapatwi na tabu, maradhi wala huzuni, hata mwiba unaomchoma, ila Allah humfutia kwa hayo baadhi ya makosa yake. Lakini hadithi inazungumzia kinachokupata, haikuagizi ukitafute wala ukikumbatie. Maumivu yamekwisha kukupata, na niamini, hata ukimeza vidonge vyote ulivyoandikiwa bado yatabaki ya kukutosha. Mabedui walipomuuliza Mtume kama wajitibu, aliwajibu: "Jitibuni, enyi waja wa Allah, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja: uzee." Tena wewe umekwisha kukubali kisu. Aliyekubali kisu akaja kukataa kidonge hajazidi uchamungu kwa hilo.

Wala kusema "naumia" hakuharibu subira. Swahaba Ibn Mas'ud aliingia kwa Mtume, naye Mtume ana homa kali, akamwambia: "Hakika una homa kali." Akasema: "Naam, naugua kama wanavyougua watu wawili kati yenu." Na Ayyub (a.s.), ambaye Qur'an imemsifu kwa subira, ndiye aliyeomba: "Hakika mimi imenigusa dhara."

Kwa ugonjwa wako lipo jambo zito zaidi. Anayeogopa maumivu ya choo hukizuia choo. Choo kikizuiwa hukauka kikawa kigumu, na kigumu kikipita juu ya kidonda kibichi hukichana upya, damu ikaongezeka na siku za kupona zikarefuka. Kwa hiyo kuacha dawa na kula kidogo, ulivyofanya kwa nia njema, ndiko kunakokurudisha nyuma. Kula. Kunywa maji kwa wingi. Tafuta matunda, mboga na nafaka zisizokobolewa, na dawa ya kulainisha choo uliyopewa usiiache kwa kuwa leo umepata nafuu. Za maumivu zimeze kwa saa zake kama daktari alivyopanga, usingoje mpaka maumivu yakukamate ndipo uzikimbilie. Haja ikija, nenda. Usiahirishe, usijikamue, wala usikae chooni muda mrefu. Sheria imekutangulia hapa: Bi Aisha amepokea kuwa hakuna swala chakula kikiwa kimeandaliwa, wala kwa anayesukumwa na haja mbili, ndogo au kubwa. Basi hata imamu akikimu, wewe nenda msalani kwanza.

Kama katika dawa zako kuna kodeini au tramadoli, zile dawa kali za maumivu, zinajuzu kwa haja na kwa kipimo cha daktari, bila kuzidisha na bila kuendelea nazo haja ikiisha. Zina tabia ya kufunga choo, kwa hiyo mwulize daktari namna ya kuzitumia pamoja na ile ya kulainisha. Pia huleta usingizi. Mtume amesema anayesinzia katika swala alale mpaka usingizi umwondoke, asije akakusudia kuomba msamaha akajitukana. Pumzika kidogo, kisha uswali kabla wakati haujatoka.

Sasa swala. Imran bin Husayn (r.a.) anasema katika hadithi iliyomo katika Sahih al-Bukhari: "Nilikuwa na bawasiri, nikamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala, akasema: Swali kwa kusimama, usipoweza, basi kwa kukaa, usipoweza, basi kwa ubavu." Tazama ugonjwa wenyewe. Hadithi ambayo wagonjwa wote wa Kiislamu huitegemea, wa mgongo, wa goti na wa moyo, asili yake ni swali la mtu mwenye maradhi kama yako.

Ila kwako kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Tumezoea kwamba mgonjwa huletewa kiti, basi kila mgonjwa anakaa. Wewe kukaa ndiko kunakokuumiza, na kusimama pengine unakuweza vizuri. Ikiwa ni hivyo, simama, na kiti kiondoe. Soma, rukuu kwa kadiri unavyoweza, na ukienda kwenye sijida jaribu taratibu. Ikikutonesha au ikikuletea mkandamizo kwenye kidonda, iashirie kwa kuinama zaidi ya ulivyoinama katika rukuu. Ukifika Tahiyatu, iftirashi na tawarruku, yaani namna maalumu za kukaa katika swala, ni sunna tu, kwa hiyo kaa unavyoweza, hata kwa kuegemea paja moja. Na kama huwezi kukaa kwa namna yoyote, Imamu al-Baghawi, katika wakubwa wa madhehebu ya Shafi, amesema anayeweza kusimama na kulala lakini hawezi kukaa ataleta kile kikao akiwa amesimama, kwa sababu kusimama ni kukaa na ziada. Basi soma Tahiyatu yako wima, utoe salamu. Ukisimama ukashindwa katikati, maliza kwa ubavu, wala hurudii.

Usihofu upungufu wa thawabu. Ile nusu ya ujira iliyotajwa katika hadithi kwa anayeswali kwa kukaa, wanazuoni wameielekeza kwa mwenye uwezo wa kusimama katika swala za sunna. Ama mwenye udhuru, Mtume amesema kuwa mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyafanya akiwa mzima na mkazi.

Katika udhu, kinachotoka kwenye njia mbili hutengua kwa wanazuoni wengi, hata kikiwa damu. Imamu Malik ana kauli nyingine, kwa kuwa damu si kitu cha kawaida kutoka hapo. Kwa Mashafi, damu ya kidonda kilicho nje ya tundu haitengui, ya ndani hutengua. Wewe huwezi kupambanua damu imetoka upande gani, na isikushughulishe. Maadamu inatoka bila kukatika muda wa kutosha udhu na swala, hukumu yako ni ya mwenye udhuru wa kudumu, kama mwanamke mwenye damu ya istihadha, yaani inayotoka nje ya siku za hedhi, aliyeambiwa na Mtume atawadhe kwa kila swala. Ngoja wakati uingie, safisha, weka pedi safi, tawadha, uswali papo hapo. Kitakachotoka baada ya hapo, hata katikati ya rakaa, hakikudhuru. Kwa udhu huo swali sunna utakazo, na faradhi nyingine ikiingia utawadhe upya. Sayyidna Umar aliswali na jeraha lake likichuruzika damu.

Bila shaka umeagizwa kukalia beseni la maji ya uvuguvugu, dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku na hasa baada ya choo. Fanya, linatuliza sana. Lakini maji ya beseni ni machache na yamechanganyika na damu, kwa hiyo kwa madhehebu yetu ya Shafi yamenajisika. Ukiinuka jimiminie maji safi, kisha ujikaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini bila kusugua. Hiyo ndiyo istinja yako, yaani kujisafisha baada ya haja. Kama daktari amekukataza maji kabisa, karatasi laini inatosha. Na usijioshe mara kumi kwa wasiwasi, kidonda kinataka kupumzika.

Kama Ramadhani itakukuta hujapona, kula ulipe baadaye. Dawa ya kuingizwa kwa nyuma, kauli ya wanazuoni wengi ni kwamba inafunguza, na mgonjwa kama wewe hana haja ya kutafuta kauli nyepesi hapo wakati Qur'an imekwisha kumpa ruhusa ya kula.

Damu ikitoka nyingi au kwa mabonge, homa ikipanda, au mkojo ukikataa kutoka, nenda hospitali saa hiyo hiyo, na swala ikikukuta njiani iswali ulivyo. Damu nyingi inaweza kuja hata wiki ya pili, wakati mtu anajiona amekwisha kupona.

Zile Alasiri na Magharibi zilipe, kwa mpangilio wake, leo ukiweza. Kama ulikuwa umelazwa usingizi, huna dhambi, na kulipa ndiko salama. Kama ulichomwa sindano ya ganzi ya mgongo ukawa macho, ilikupasa uswali hapo kitandani kwa ishara, hata kwa nguo za upasuaji; omba msamaha, ulipe, usilirudie.

Wallahu a'lam.